Mrija wa Marehemu Baba

Jumatatu, 1 Agosti 1966
Leo baba mdogo Imalingat kavuka mpaka kutoka kwake Amukura, Kenya. Kasema Jumamosi ni pombe ya kumaliza matanga ya baba. Wazee watanipa mrija wa baba wa kunywea pombe; nikikaa nao kwenye chungu kama mtu mzima, boma litakuwa langu. Nikionekana mtoto, atachukua mama, dada yangu Apolot na ng'ombe wote, awapeleke kwake. Mama hataki. Mke wa huko ana mdomo, na mwiko wa kupigia watu haumtoki mkononi.

Nimemwambia mama asihofu. Nina miaka kumi na tano! Nimesoma Tororo mpaka darasa la sita! Mara mbili!

Jumatano, 3 Agosti
Nimeanza utu uzima. Tangu asubuhi nakohoa kama wazee. Apolot kauliza kama nina kifaduro. Hana adabu.

Nikampeleka Busia jogoo wa mama, nikambadilisha na suruali ndefu kwa fundi Patroba, upande wa Kenya. Ilishonwa kwa polisi aliyehamishwa. Polisi huyo alikuwa twiga. Patroba kaniambia, "Utakua uijaze, bwana mdogo." Bwana mdogo! Mimi!

Mama kamtafuta jogoo, kisha kaiona suruali. Kaniomba tu nikae naye, anifundishe adabu za chungu. Nikamwambia pombe haina darasa. Nikaenda kuogelea.

Jumamosi, 6 Agosti
Maafa! Wazee duara, chungu cha pombe ya wimbi katikati, mirija mirefu kama fito za paa. Mzee Otai, mkubwa wao, akanipa mrija wa baba mbele ya wote. Mama kasimama na birika la maji ya moto ya kuongezea chunguni, midomo ikimcheza kwa sala.

Nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta mpaka macho yakanitoka. Mrija umeziba! Mwingine angeaibika. Mimi nikatumia akili: nikapuliza. Kwa nguvu zote, kama pampu ya baiskeli. Povu likaruka, likatua ndevuni mwa Otai. Nikacheka. Kidogo tu.

Nilicheka peke yangu. Mmoja mmoja wakachomoa mirija, wakasimama. Otai akasema kupuliza chungu cha matanga ni kumtemea marehemu usoni. Mrija ukiziba, hata mtoto anajua, unauchomoa na kuukung'uta. Baba mdogo akatazama zizini. Alikuwa anahesabu ng'ombe kwa macho.

Mama akaimwaga pombe yote nyuma ya nyumba.

Jumapili, 7 Agosti
Mama kanisihi niende kwa Otai kuomba radhi. Nilianza vizuri sana. Kisha nikamweleza kwamba kosa ni la aliyepika pombe, kaiacha na makapi.

Aliyeipika ni mkewe. Nimerudi mbio.

Alhamisi, 11 Agosti
Waliondoka juzi. Baba mdogo mbele na ng'ombe, mama nyuma na mkeka kichwani. Mimi hakunitaka, kasema watoto anao wa kutosha. Wivu huo!

Apolot alinishika mkono mpaka mtoni, akauliza nitawafuata lini. Nikamwambia wanaume hawafuati. Akalia. Mama akageuka, akasema, "Odeke, mwanangu, ungekaa nami siku ile, saa moja tu." Kisha akavuka.

Sasa nimefikiri, nikagundua: nimeshinda! Nyumba nzima yangu. Hakuna wa kunituma maji, hakuna wa kunicheka. Nani mwingine hapa Buteba, wa umri wangu, ana boma lake?

Kesho naanza kutafuta mke. Awe anajua kupika. Sijala tangu waondoke.