Ufa wa Burudani

Wizara ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba bwawa la mto halivuji tena. Kuanzia siku hiyo maji yanayotoka ukutani yangeitwa Maporomoko ya Burudani, na wananchi walikaribishwa kuogelea chini yake na kupiga makasia juu yake.

Mpima maji wa bwawa alisoma tangazo mara mbili. Watu walimwita Bwana Rula, maana kila asubuhi aliupima ufa kwa rula, na mwezi uliopita ufa uliipita rula. Dada yake na wanawe wanne waliishi chini ya bwawa, hatua mia tatu tu. Usingizi ulikuwa umemhama.

Alikwenda kwa Mkurugenzi wa bwawa.

"Mheshimiwa, tufungue milango ya pembeni, tupunguze maji. Ufa umezidi rula."

"Rula ya sentimita ngapi?"

"Thelathini."

"Basi tatizo ni rula. Andika barua uombe ndefu zaidi."

"Na milango, mheshimiwa?"

"Mashua zangu za burudani zielee kwenye tope? Milango haifunguliwi bila saini yangu!"

Bwana Rula alitoka amenywea.

Siku ya uzinduzi jua liliwaka kweli kweli. Kamati ya Itifaki ilipanga viti kwa vyeo: jua kwa wananchi, kivuli kwa wakubwa. Kivuli pekee kilikuwa cha ukuta wenyewe. Hivyo kiti cha Mkurugenzi, chenye kitambaa cheupe, kikawekwa chini ya ufa hasa. Kamati haikukosea hata kidogo.

Mkurugenzi alisoma hotuba akiwa ameketi, kama cheo chake kinavyoruhusu. "Ukuta huu ni imara..." Tone likaangukia hotuba. La pili likamwingia shingoni. Kisha ukuta ukalia, kah! na kipande cha saruji kikatua mezani, kando ya glasi yake.

"Rula," alimnong'oneza mpima maji aliyesimama nyuma ya kiti chake, "fungua milango."

"Naomba saini, mheshimiwa."

Mkurugenzi aliandika nyuma ya hotuba aliyokwisha kuisaini, akasaini tena, akatoka mbio akiwapita hata walinzi wake.

Jioni mashua zilikaa kwenye tope. Wizara ilitangaza kwamba mchezo wa kwanza wa bwawa, mbio, ulifana sana.

Dada yake Bwana Rula alikuja ofisini kwake, akaigeuzageuza ile karatasi. Upande mmoja: ukuta ni imara. Upande wa pili: fungueni upesi, tutakufa. Saini ile ile.

"Sasa kaka, tuamini upande gani?"

"Ule alioandika akiwa amekaa chini ya ufa."