Cadillac ya Eedo Batula

Jumatatu, 1 Julai 1996

Naandika shajara hii kwa Kiswahili. Fatumo, mke wangu, anasoma Kisomali vizuri kupita kiasi.

Leo upepo umenifanyia hisani. Nilikuwa natafuta mbuzi wetu mtaani Iftin, nikapita nyuma ya ua wa Eedo Batula. Yeye ni eedo, shangazi, wa mtaa mzima. Hata chifu humwita hivyo. Upepo ulikuwa umefunua turubai kwenye kona ya ua, na chini ya turubai nikaona mkia. Sijawahi kuona gari lenye mkia. Mapezi mawili marefu ya bati, kama ya samaki, na kila pezi lina taa mbili nyekundu zenye ncha. Mbuzi nikamsahau.

Eedo akatoka na kuniuliza ninatazama nini. Nikasema ninatazama turubai. Akacheka, akalivuta lote. Gari refu kama lori, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Usukani uko kushoto. Mbele kuna nembo ya ngao. Akaniambia ni Cadillac ya mwaka wa 1959, kutoka Amerika. Marehemu mumewe, Haji Guled, aliinunua Mogadishu kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Vita vilipoanza walitoka nayo. Mafuta yakawaishia njiani, ikavutwa na lori hadi Diff, mpakani, wakavuka, mwisho Garissa. Mwaka uliofuata Haji akafariki. Tangu hapo injini haijanguruma.

Tarehe 20 Eedo anaondoka kwenda Amerika kwa mwanawe. Karatasi zake zimekamilika, amebakiza mahojiano ya mwisho kule Dadaab. Kabla ya kuondoka anataka kitu kimoja tu, kuisikia injini hiyo tena.

Nimeapa ataisikia. Tena mbele ya ndugu zake wawili.

Sikumwambia kwamba tarehe 18 Ruweyda, binti wa dada yangu, anaolewa. Wala kwamba kila bibi harusi wa Garissa hubebwa na Peugeot nyeupe ya Bulle, na kwamba Bulle hajaacha kunikumbusha hivyo tangu alipoinunua mwaka wa 1989.

Jumatano, 3 Julai

Maktaba ya shule ya sekondari. Niliwahi kuwa karani wa ofisi ya mifugo, kwa hiyo najua kuingia mahali kama mtu aliyetumwa. Nikaomba kile kitabu kikubwa cha elimu ya mambo yote, herufi C.

Nimekaa saa tatu. Sikujua gari linaweza kuwa na ukoo.

Jina Cadillac ni la Mfaransa aliyeanzisha mji wa Detroit mwaka wa 1701. Huyo bwana alikuwa mtu wa kawaida. Alipofika ng'ambo akajipa jina la kikabaila na nembo ya ukoo aliyoibuni mwenyewe, na watu wakakubali. Nembo ile ndiyo iliyo kwenye boneti ya Eedo. Nikasoma sehemu hiyo mara mbili. Mtu wa maana sana.

Halafu mwaka wa 1902. Kiwanda kimoja cha Detroit kimeshindwa, wenyewe wanataka kuuza mashine zote. Wanamwita fundi mzee, Leland, aje akadirie bei. Mzee akatazama, akawaambia wasiuze, watengeneze gari kwa injini aliyokuwa nayo. Ndivyo Cadillac ilivyozaliwa. Aliitwa kuzika, akazalisha.

Halafu mwaka wa 1912. Zamani gari lilizungushwa kwa mkono wa chuma kwa mbele, na mkono ule ulivunja watu mataya. Cadillac wakaleta stata ya umeme. Unakaa, unabonyeza, injini inaitika.

Halafu hili. Mwaka wa 1908, Uingereza, Cadillac tatu... nasema Cadillac, kitabu kinasema magari matatu. Magari matatu yalifunguliwa nati kwa nati, vipande vyote vikachanganywa rundo moja, kisha mafundi wakayaunga upya kwa spana na bisibisi tu. Yote matatu yakawaka na kwenda maili mia tano.

Hapo ukurasa ukaisha, na dirishani nikamwona Bulle akipita na Peugeot yake, mkono nje. Nikafunga kitabu. Nina mpango.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya sala, kibandani kwa chai. Nikatangaza kwamba Ruweyda atabebwa na Cadillac. Mzee mmoja akauliza hiyo kadi laki ni ya nini, kwani harusi gani inaalika watu laki moja. Watu wakacheka. Bulle akacheka kuliko wote, akasema anaijua hiyo ya Batula, kuku wa jirani wanataga ndani.

Basi nikawasimulia. Mfaransa na nembo yake, mzee Leland, stata ya umeme. Kicheko kikapungua. Watu wakasogeza viti. Yule mzee akataka kujua mapezi ni ya nini ikiwa gari haliruki wala haliogelei. Nikamwambia mchoraji wa gari hilo aliona ndege ya kivita yenye mikia miwili, akaipenda, akairudisha nyumbani katika bati. Mzee akafikiri kidogo. Akasema hata yeye aliwahi kumpenda ngamia mmoja kwa shingo tu.

Nikamaliza na 1908. Nikasema Jumatano tutafanya jaribio hilohilo hapa Garissa. Gari la kwanza, Cadillac. La pili, Land Rover ya binamu yangu Alio, ambaye hawezi kunikatalia. La tatu nikaliacha wazi. Nikamtazama Bulle, nikasema naelewa kwa nini mtu angeogopa Peugeot yake ionekane ndani.

Bulle akaweka kikombe chini. Akasema ataileta.

Sikulala kwa furaha.

Jumatano, 10 Julai

Eedo yuko Dadaab kwa mahojiano tangu jana. Nimeona ni afadhali. Nilitaka akirudi aikute ikinguruma.

Saa mbili asubuhi ua umejaa watu. Mikeka mitatu. Tulifungua kabureta, plagi, stata, distribyuta, pampu za mafuta na nati zote zilizokubali. Saa tano nikasimama juu ya ndoo, nikatoa hotuba fupi kuhusu Uingereza, kisha kwa mikono yangu miwili nikachanganya mikeka yote mitatu. Watu wakapiga makofi. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, rundo lile.

Saa saba bado tulikuwa tunaunga. Plagi za Land Rover haziingii kwenye Peugeot. Kabureta ya Cadillac ni kubwa kama sufuria ya pilau, haikai popote. Alio alikuwa na nati mdomoni na haongei nami tena.

Ndipo akaja Yarow, fundi mzee wa gereji ya soko la mifugo, aliyetengeneza magari ya wakubwa Mogadishu miaka ishirini. Akazunguka rundo mara moja, mikono nyuma.

"Hiyo ya Uingereza," akaniuliza, "zote tatu zilikuwa gari gani?"

Nikasema magari matatu.

"Gari gani, Mowlid?"

Nilikimbia hadi maktaba. Nikageuza ukurasa. Mstari wa kwanza, juu kabisa: zote tatu zilikuwa Cadillac, za aina moja, zilizotolewa pamoja katika duka moja. Ndiyo ilikuwa maana yenyewe ya jaribio. Kila kipande sawa na mwenzake, jambo ambalo wakati ule hakuna aliyeliamini.

Nilirudi polepole. Watu walikuwa wameondoka. Bulle amekaa ndani ya Peugeot yake isiyo na kitu mbele, mikono kwenye usukani.

"Weka spana chini," Yarow akaniambia. "Usiguse kitu tena leo."

Alhamisi, 11 Julai

Eedo amerudi adhuhuri. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa safari, akatazama mikeka, kisha boneti iliyo wazi, kisha mimi.

"Mowlid, vita haikuifungua hii gari," akasema. "Majambazi hawakuifungua. Wewe umeifungua."

Nikaanza kueleza habari za 1908. Nikanyamaza mwenyewe, jambo geni kwangu.

Nyumbani Fatumo alikuwa na habari zote. Akaniwekea chakula, kisha akaniuliza kama nilimwomba ruhusa yule mama. Nikasema niliapa kuifufua. Akasema hilo silo alilouliza.

Jumatatu, 15 Julai

Siku ya nne ya kuchambua. Sikuitwa. Nilikwenda tu Ijumaa asubuhi, nikachutama kwenye rundo, nikaanza kufuta nati kwa gunia. Yarow alikuwa ameshafika. Baadaye akaja Bulle, maana vipande vyake pia vimo humo.

Ijumaa ile tulikuwa tunabahatisha. Jumamosi Eedo akatoka na kigoda, akaketi, akatazama kidogo, kisha akanyoosha kidole. Hiyo yetu. Hiyo si yetu. Hiyo yetu, ina mkwaruzo, Haji aliiangusha jikoni. Kumbe miaka yote ile ni yeye aliyeshika taa na kuosha plagi kwa petroli kila mwisho wa Ramadhani. Anajua injini ile kama mimi nijuavyo madeni yangu.

Leo akatusimulia. Haji alimfundisha kuendesha kwenye barabara ya Afgooye, asubuhi mapema, ng'ombe wakiwa bado hawajatoka. Ndugu wa Haji walinung'unika. Haji akawajibu kwamba hata wao wangeendesha kama wangeweza. Eedo anasema siku ya kwanza hakuzungusha mkono wa chuma, hakumwita mwanamume asukume. Aligeuza ufunguo tu, na kitu kikubwa kama nyumba kikamwitikia. Hajasahau jinsi kilivyotetemeka chini ya viatu vyake.

Kisha Bulle, bila kunitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini yule Mfaransa alichora nini hasa kwenye nembo yake. Nikamwambia: ndege wadogo weusi wasio na miguu. Akauliza kwa nini hawana miguu. Sijui. Tumekubaliana kutazama pamoja.

Jumatano, 17 Julai

Land Rover imewaka. Alio ameondoka nayo Wajir bila kuaga.

Peugeot haijawaka. Imekosa kijiti kidogo cha distribyuta, nadhani kimemezwa na kuku. Bulle ana uso wa msiba, kwa kuwa kesho ni harusi na mji mzima unajua.

Cadillac iko kamili. Betri tumeazima kwenye lori la ng'ombe. Tairi mbili ni zake, mbili za pikapu. Yarow hakubali ijaribiwe mpaka Eedo mwenyewe aseme, naye amesema kesho, Ruweyda akiwa ndani.

Nimepiga pasi suti yangu.

Alhamisi, 18 Julai

Naandika haraka kabla sijapoteza kitu.

Baada ya alasiri Ruweyda alitolewa, amejifunika hariri nyekundu, wanawake wanaimba, nusu ya Garissa barabarani. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa dereva, tai imenikaba. Eedo akaja na shali mpya na viatu vya kufunga. Nikamfungulia mlango wa nyuma.

"Sogea, mwanangu," akaniambia.

Akaingia mbele, kushoto. Akavuta kiti. Akasema bismillahi, akageuza ufunguo. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa na kutoa moshi, na nikamsikia mtu nyuma akisema kuku. Mara ya tatu ikaitika.

Sauti si kubwa, hilo ndilo lililonishangaza. Ni nzito tu. Niliisikia miguuni kabla ya masikioni. Waimbaji walinyamaza wenyewe. Eedo hakusogea. Ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Ruweyda akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akamwekea begani. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akaweka gea, na meli ile ikaondoka.

Kiti cha mbele alimpa Yarow. Cha nyuma, pembeni ya bibi harusi na dada yangu, alimpa Bulle, ili mji ujue kwamba hakuna aibu. Mimi sikupata nafasi. Nilifuata kwa mkokoteni wa punda wa kuuza maji, nimesimama katikati ya mapipa na suti yangu, na watoto walinishangilia pia.

Baada ya kumfikisha Ruweyda, Eedo hakurudi moja kwa moja. Alikwenda peke yake hadi daraja la Tana, akavuka, akageuka, akarudi na taa zile nne nyekundu zikiwaka. Akaizima mwenyewe. Ufunguo akamkabidhi Fatumo, mbele yangu, akasema gari ni la Ruweyda siku atakapojua kuendesha, na Fatumo ndiye atakayemfundisha asiogope. Kuhusu mimi aliomba jambo moja, nisifungue boneti.

Nikamwomba msamaha. Akasema ameshanisamehe tangu Jumamosi, nilipokuwa nafuta nati na nimenyamaza.

Jumapili, 21 Julai

Eedo ameondoka jana. Mtaa umepoa. Nimepita uani mara tatu, nikatazama turubai tu.

Fatumo anasema ninapaswa kuwa nimejifunza kitu. Nimefikiri tangu alfajiri na nakubali. Nimejifunza kwamba nina kipaji cha ufundi ambacho watu wamechelewa kukitambua.

Nimeandika barua Detroit, kwa meneja mkuu, kujulisha kwamba nipo tayari kuwa wakala wao wa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Nimetia sahihi Mowlid wa Iftin, Bwana wa Tana ya Juu. Pembeni nimechora nembo yetu ya ukoo, ngamia wawili na birika. Imenichukua dakika kumi kuibuni, na inapendeza.

Mchana Bulle amekuja na habari za Rhamu. Mashambani huko, kando ya mto Daua, wana mashine mbili za kuvuta maji. Moja imekufa, nyingine bado inafanya kazi vizuri. Nimewapelekea ujumbe kwa dereva wa lori kwamba wasiziguse, fundi yuko njiani, na watandike mkeka mpana.

Tunaondoka Jumanne. Bulle ana bisibisi.