Mjukuu Wangu Anafundishwa Kukata Hewa

Kwako Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Pokea heshima zangu kabla hujapokea hasira zangu. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, miaka arobaini na mmoja, kwa mikono hii hii, ingawa vidole vimebaki tisa. Kalamu siijui sana, ila chuma kinanijua. Naomba kwa adabu umfukuze mjukuu wangu, yule binti wa mashine za kompyuta, arudi karakanani arithi mashine yangu. Sababu ni hizi:

1. Anarudi nyumbani msafi. Wiki nzima hana hata tone la grisi. Jirani ameniuliza kama siku hizi yuko benki. Nilikosa pa kuficha uso.

2. Siku ya wazazi nilimkuta amefunga mlango wa mashine, ndani hamna chuma, kisu kinapanda na kushuka kikikata hewa. Akaniambia, "Babu, tunajaribu kwanza bila chuma. Tukikosea, tumekosea hewani." Mheshimiwa, mimi nikikosea nakosea kwenye chuma, kila mtu anaona. Huo ndio ufundi.

3. Mashine yenu ukifungua mlango inasimama. Mashine gani inaogopa watu? Yangu hata ukiingiza kidole inaendelea. Nina ushahidi.

4. Mwezi jana alipima bushi niliyochonga, ile pete ya chuma ya kuvalia ekseli, akasema mbele ya mteja kwamba imezidi kipimo kwa unene wa karatasi. Nikamwuliza karatasi ipi, ya daftari au ya mfuko wa saruji? Mteja alicheka, akaondoka, hajarudi. Na wa kabla yake hajarudi.

5. Anasema akihitimu atachonga vipuri mia, vyote sawasawa. Sasa vikifanana vyote, mtu atajuaje kipi kilichongwa na babu yake?

Kwa hiyo kumfukuza peke yake hakutoshi. Chuo kifungwe, mashine zitolewe nje, kisha kifunguliwe upya, mimi nikiwa mkuu. Wewe nitakupa kazi ya kufagia maranda ya chuma, maana umesoma.

Wasalimie walimu, mpishi, na yule mlinzi wa getini aliyeninyang'anya nyundo.

Nabaki wako, nisiyeshindwa,
Babu Tisa, fundi

Nyongeza: Usimfukuze kabla ya Ijumaa. Gia ya mashine yangu imevunjika meno. Nimechonga nyingine mara tatu, zote zimekataa kuingia. Mchoro uko nyuma ya barua hii. Mpe yeye aichonge, si mwanafunzi mwingine. Ikiingia, mwache amalize masomo yake. Mwambie tu ni ya mteja.