Nilivyoifilisi Kampuni Yangu Mwenyewe

Jumatatu, 5 Machi 2001
Mama Safiya, muuza mchele, ananishtaki bado. Magunia yake yalilowa ndani ya mashua ya kampuni yangu, tukitoka Isangi. Hukumu ni Alhamisi. Nitashindwa. Lakini mwanasheria wangu, Maître Henri, ameniambia neno tamu: kampuni ikitangaza kufilisika, kesi zote dhidi yake zinasimama. Zinasimama! Nikamnunulia bia. Alikuwa bado anaeleza nilipoondoka.

Jumatano, 7 Machi
Nimetangaza. Paa la mahakama lina matundu ya mabomu ya mwaka jana. Hakimu alisoma ombi langu akikwepa matone. Kesi imesimamishwa. Nikapita mbele ya duka la Mama Safiya makusudi, polepole. Akaniuliza kama nimekula. Mwanamke huyu hajui kushindwa.

Ijumaa, 9 Machi
Amekuja Bwana Mohamadi, aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali ya kampuni. Amechukua mashua, mota, na kiti changu cha kuzunguka. Nikamweleza kwamba nilitaka kusimamisha kesi, si maisha. Akajibu kwamba mali yote sasa inawangoja wadai. Basi nikataja kesi niliyomfungulia Assumani wa Lubunga, aliyeigonga mashua yetu. Hiyo nilikuwa karibu kushinda.
“Papa Philippe,” akasema kwa upole, “ile kesi pia iko ya kampuni. Ni mimi njo naiendesha sasa. Akilipa, ni ya wadai.”
Kesi dhidi yangu imelala, kesi yangu imepata baba mwingine. Maître Henri anasema hapo ndipo alipokuwa anafika nilipoondoka.

Jumanne, 13 Machi
Mkutano wa wadai. Mama Safiya mstari wa mbele: kumbe kesi yake haikufa, dai lake limeingia foleni pamoja na madai ya wengine. Kando yake, mke wangu Kanyere. Anadai mota, aliyoinunulia kampuni kwa faida ya vitenge vyake. Nikamuuliza anafanya nini pale. Akasema yuko kazini.
Wengi walitaka mashua iuzwe. Mama Safiya akasimama.
“Mukiiuza, muchele ya Isangi itakuja na nini? Vita imefunga njia ya Kinshasa. Bon, mumuachie, atulipe mupole mupole. Philippe iko mujinga, lakini kila safari anafikaka.”
Wakakubali, na hakimu naye akakubali. Nilitaka kulia. Nikalia. Kanyere akanipa kitambaa chake, kisha akamwomba Bwana Mohamadi akiandike kwenye madai.

Ijumaa, 16 Machi
Mji mzima hauna mtu anayeijua sheria hii kama mimi. Nafungua kampuni mpya, ya kuwashauri wafanyabiashara jinsi ya kufilisika. Mama Safiya amenikopesha mtaji, huku akicheka mpaka akaegemea magunia. Kibao kimeshapakwa rangi. Kanyere ameuliza kama tuifilisi leo au tungoje Jumatatu.
Nimemwambia Jumatatu. Leo Maître Henri hayupo, na safari hii nataka anieleze mpaka mwisho.