Nyonga ya Mjakaranda

Jumatatu, 5 Machi 2001
Kazi! Sista Mbinya, anayefundisha wakunga hospitalini, amekuja kibandani kwangu. Hataki twiga ninaowachonga. Anataka fupanyonga la mwanamke, la mti, na mfuko wa uzazi wa kutoa na kurudisha. Kiema, mchongaji jirani, alicheka hadi tezo ikamwanguka. Acheke na vifaru vyake vya mti. Nina sababu yangu. Miaka tisa na mke wangu Nduku, mtoto hakuna. Nitauliza maswali kwa kisingizio cha kazi, nijue kasoro yake iko wapi. Kimyakimya. Akili!

Jumatano, 7 Machi
Nimeuliza. Mfuko wa uzazi ni kama pera dogo lililopinduliwa. Pembeni mirija miwili, na kokwa mbili za mayai, kila moja kama zambarau. Nikauliza kama mrija ukiziba fundi anaweza kuuzibua kwa waya mwembamba. Sista akavua miwani. Akauliza ni mrija wa nani.
Nikasema wa mti.

Ijumaa, 9 Machi
Aibu! Sista alipitisha mwanasesere kwenye kazi yangu, kichwa kikakwama. Akasema hili ni fupanyonga la mwanamume, jembamba, limebana juu. La mwanamke ni pana na la mviringo, mtoto apate njia. Nilimpima nani? Nilijipima mwenyewe. Kiema amesikia. Kufikia saa sita soko zima linaniita Mama Twiga.

Jumamosi, 10 Machi
Nimempima Nduku. Nilimdanganya ni vipimo vya sketi. Alisimama dirishani, mikono juu, ametulia. Futi ilipozunguka kiuno nikasahau namba. Ndipo akasema, bila kugeuka, kwamba mwezi wa kwanza mwaka huu alienda hospitali peke yake. Walimpima kila kitu. Mzima. Wakamwambia alete mume.
Woi.
Akasema anatamani hata kufua nepi. Mimi pia. Nikakunja futi.

Jumatano, 14 Machi
Nyonga ya pili imekubaliwa! Mwanasesere alipita bila kugusa popote. Wanafunzi walipiga makofi, mimi nikatoka nje kufuta vumbi machoni. Sista akanifuata. Akasema mbegu za mwanamume hupimwa upesi, hakuna uchungu, na Nduku yuko kwenye benchi la maabara tangu asubuhi. Nikachungulia. Kweli. Ameweka mkoba kando yake, kunishikia nafasi.
Moyo uliniuma. Nikaenda. Nilibakiza hatua tatu.
Kisha nikageuka, nikamweleza Sista kwa sauti ya mtaalamu kwamba wakunga wanahitaji pia upande wa mwanamume: korodani, mirija, tezi, kila kitu. Nitachonga vyote, wiki tatu hivi. Nikishavielewa, nitapimwa. Mtu hawezi kupimwa kitu asichokijua.
Nduku alichukua mkoba, akauweka mapajani.
Jioni nimechagua gogo. Zuri sana. Kubwa.