Mbuzi wa Wateule

Jumatano, 1 Aprili
Jumapili ya Pasaka kanisa letu hapa Garissa linachagua mzee mpya. Ni mimi au Buya, yule seremala Mpokomo. Nautaka uzee huu jamani! Miaka yote napanga viti, wengine wanakaa mbele. Buya anafundisha kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya watu wote. Wote! Hata wasiomtaka! Mimi nasema alikufa kwa ajili ya wateule peke yao, waliochaguliwa tangu mwanzo. Damu ya Bwana haimwagwi ovyo. Mchungaji kachoka na sisi. Kasema kila mmoja atoe neno siku hiyo, kisha waumini wachague.

Mke wangu Kalekye kauliza mteule anajulikanaje. Nimemwambia anajulikana tu. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akaenda zake jikoni.

Alhamisi, 2 Aprili
Joto la kuua. Nimekwenda kwa jirani yangu Abdow, mfanyabiashara wa mbuzi, kutafuta shahidi asiye na upande. Nimemweleza hoja yote, naye akanimiminia chai ya maziwa na kunisikiliza kwa adabu. Mwishowe akasema wao Waislamu hawakubali kabisa kwamba Nabii Issa alisulubiwa, kwa hiyo alikufa kwa ajili ya nani ni swali letu wenyewe. Shahidi hafai. Chai ilikuwa nzuri.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili
Nimepata! Kila Pasaka Abdow ndiye hutuchinjia mbuzi wa kanisa, ili majirani Waislamu nao wale. Hapo ndipo mafundisho yanapoharibika! Watu wakishakula pamoja wanadhani hata wokovu ni hivyo hivyo. Mwaka huu mbuzi nimemtoa mimi, basi nitamchinja mimi. Mbuzi wa wateule. Buya ataijibu vipi hoja iliyo kwenye sahani? Kalekye kasema nisithubutu. Liwalo na liwe.

Jumamosi, 4 Aprili
Nimechinja. Mbuzi kanipiga teke la goti lakini nimeshinda.

Kina mama wa kanisa wakaja kupika. Sufuria kubwa tumeazima kwa Khadijo, mke wa Abdow, kama kila mwaka. Akasikia aliyechinja ni nani. Akaja polepole, akanisalimu, akaniuliza hali ya goti. Halafu akasema, "Baba Mwende, nyama ni yako, sina neno. Lakini sufuria ni zangu, na humo bado nitapikia watoto wangu."

Akazibeba zote. Miko nayo ikaondoka.

Wateule tukabaki na nyama mbichi kwenye karai. Kufikia alasiri imeanza kunuka. Paka wa mtaa wamekuja wote, bila kuchaguliwa. Naye Buya, mnafiki yule, kaenda moja kwa moja kwa Abdow, kachinjiwa mbuzi mwingine, na sufuria zikarudi! Sitingishiki.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili
Nimesema kwa nguvu zangu zote. Aya nimezitoa, jasho limenitoka. Waumini walikuwa wananusa pilau. Buya akasimama akasema chakula kiko tayari, kila mtu aje na jirani yake, akakaa. Hayo ni mahubiri?

Mikono ikanyoshwa. Mzee mpya ni Buya. Mkono ulionyoshwa kwa ajili yangu ulikuwa wangu. Kalekye kanyosha wake kwa Buya, tena mbele ya macho yangu! Imeniuma, sifichi. Nimeondoka kabla ya kula. Siwezi kukaa meza moja na upotofu.

Nimekaa nyumbani, tumbo linaunguruma. Mara hodi. Abdow kwa miguu yake, mkononi sahani imefunikwa. "Kula, walaal," kasema, yaani ndugu yangu kwa Kisomali, akaondoka bila kuuliza lolote. Pilau, na paja zima! Nimekula mpaka nikafyonza mfupa.

Kalekye karudi, kanikuta nalamba vidole. Kasema kila nyumba ya mtaa huu imepelekewa, hata ya yule aliyemtukana Abdow sokoni. Hiyo si hoja. Mimi sikuomba, sikustahili, na bado paja likanifuata mpaka kwangu. Kama huo si uteule, ni nini?

Mwakani nagombea tena.