Kiti cha Mmiminaji

Jumatatu, 8 Julai

Mvua. Baridi inatafuna mifupa. Baada ya rozari kanisani, aliyetumiminia yerba, chai yetu ya majani machungu, ni Nélida. Tena! Kibuyu kimoja, mrija mmoja, wanawake watano, na kwa miaka kumi na moja mmiminaji nilikuwa mimi. Nilibaki nyumbani wiki sita tu kumlilia mume wangu Anselmo. Kurudi, namkuta kakalia kiti changu, chupa ya maji moto kaikumbatia kama mtoto wa kumzaa. Nikamwomba kwa adabu anirudishie. Akasema nipumzike, mfiwa hubebwa. Hubebwa! Kwani mimi gunia la mihogo?

Nyumbani nikamimina, nikanyoosha mkono kuelekea kiti cha Anselmo. Hakuna wa kupokea. Nikanywa zamu yangu, kisha yake. Mungu wangu, usininyime na kile kiti cha kanisani. Sina kingine.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata njia! Maji ya yerba hayatakiwi kuchemka. Yakichemka yanaunguza majani, kibuyu kinakuwa nyongo, na mmiminaji hana pa kuficha uso. Nélida hujaza chupa yake jikoni, kisha huja kuongoza rozari. Kesho nitatoka katikati ya sala, niyamwage yake, nitie yanayotokota. Cha kwanza hunywa mmiminaji mwenyewe, ndiyo desturi. Sitaki aungue. Labda kidogo.

Nimemwomba Mtakatifu Rita msamaha mapema, asije akasikia kwa watu.

Alhamisi, 11 Julai

Nimefanya. Kwenye fungu la tatu la rozari nikasingizia kikohozi, nikatoka, nikatia, nikarudi nimekunja mikono kama malaika.

Rozari ikaisha. Nélida akasimama, machozi yanamlenga. Akasema mbele ya wote kwamba kiti hakikuwa chake, alikuwa anakipasha joto tu mpaka moyo wangu upoe. Akanipa kibuyu. Akanipa na chupa. Akanibusu!

Nililia. Nikakaa. Furaha ikanifuta akili yote. Nikamimina cha kwanza, nikavuta.

Ee Mama Maria wa Itatí! Ulimi!

Kutema ni aibu. Kusema ni kukiri. Nikameza, nikatabasamu, machozi yakatiririka, wakadhani ni ya Anselmo. Kisha, maskini mimi, nikawamiminia. Ningefanyaje? Bibi Ceferina, mwenye miaka themanini na tisa, akavuta mara moja, akauliza kama yerba hii nimeichemsha na mifupa ya ng'ombe. Wengine wakanywa kama wanaomeza dawa ya minyoo.

Nélida peke yake ndiye aliyenitetea. Aliwaambia waniache, huzuni imenipoteza, hata maji siyajui tena. Akaichukua chupa mikononi mwangu polepole. “Pumzika, dada yangu. Hata mwaka mzima, sisi tupo.”

Nilifungua kinywa niungame. Ulimi haukugeuka. Nadhani ni kwa sababu ya kuungua.

Jumamosi, 13 Julai

Mvua bado. Ulimi umevimba, nakunywa uji uliopoa. Kibuyu kimekauka mezani, kiti cha Anselmo kinanitazama. Nélida kaniletea supu. Nilimpokea mlangoni, sikumkaribisha ndani.

Nimesali sana, nimejichunguza kama padri anavyotufundisha. Na kosa langu nimeliona wazi, namshukuru Mungu.

Ni yale maji moto.

Alhamisi ijayo nitatia ya baridi. Baridi haijawahi kumuunguza mtu.